Wameniambia "anza na kwako": nitautetea vipi uwanja wa wananchi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni diwani wa kata katika manispaa moja hapa Tanzania. Manispaa yenyewe na chama changu naomba nisivitaje. Ni mama wa watoto watatu, na kabla ya siasa nilikuwa muuguzi katika zahanati ya kata hii hii. Ndiyo maana watu walinichagua; wengi wao watoto wao nimewapokea kwa mikono yangu.

Kata yetu ina uwanja mmoja tu wa wazi. Asubuhi wanafunzi wa shule ya msingi iliyo jirani wanafanyia michezo hapo, kwa sababu shule yao haina kiwanja. Jioni ni mpira. Siku ya Idd watu wanaswali hapo. Ukitokea msiba kwenye zile nyumba zilizobanana upande wa bondeni, maturubai yanafungwa uwanjani, maana huko ndani gari halifiki. Wakati wa kampeni nilisimama katikati ya uwanja huo, nikashika kipaza sauti, nikasema nikiwa diwani hapatajengwa kitu. Nikaongeza kwamba yeyote aliyejimegea kipande cha eneo la umma ajiandae kubomoa mwenyewe, awe mkubwa awe mdogo. Walishangilia sana.

Sasa limekuja pendekezo la kubadilisha matumizi ya uwanja ili zijengwe fremu za biashara. Hoja ni kwamba mapato ya ndani ya halmashauri ni madogo na fremu zitaleta fedha. Limeshapita kwenye kamati na linaletwa kwenye baraza la madiwani kikao kijacho. Sisi madiwani wa chama tuliitwa kwanza, tukaambiwa tuwe na kauli moja. Niliponyoosha mkono kuuliza wananchi walishirikishwa lini, aliyekuwa anaongoza kikao akanijibu, "Mheshimiwa, haya yameshapangwa." Tulipotoka, mwenzangu mmoja ambaye tunaheshimiana sana akanivuta pembeni. Akanishauri nichukue udhuru siku hiyo: niende hospitali, nipate cheti, kura ipite bila mimi, na wananchi nitawaambia sikuwepo.

Ingekuwa hilo tu, Shangazi, nisingekusumbua. Pembeni mwa uwanja huo, upande wa barabara, zipo fremu mbili za mama mkwe wangu. Alizijenga baba mkwe, Mungu amrehemu, kabla mimi sijaolewa. Familia yote tumeamini miaka yote kwamba ziko nje ya mpaka wa uwanja. Inasemekana viongozi wa wakati ule walimruhusu kwa mdomo, karatasi hakuna. Moja inauza vifaa vya simu, nyingine ni saluni ya kike. Kodi ya hizo fremu ndiyo inayomlisha mama na kumnunulia dawa za presha. Hana kipato kingine.

Majuzi diwani mwenzangu anayelipigania pendekezo hili alinionyesha kwenye simu yake picha ya fremu hizo pamoja na ramani. Kwenye ramani hiyo mstari wa mpaka unapita nyuma ya fremu. "Mheshimiwa, anza na kwako," akaniambia, "halafu ndiyo uje utufundishe maadili." Akasema nikifungua mdomo barazani picha zitakuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp ya kata kabla kikao hakijaahirishwa. Nimeshaanza kusikia watu wakinong'ona: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mume wangu amenikataza kabisa kulifikisha jambo hili kwa mama yake. Anasema siasa nitaiacha siku moja, lakini ukoo huu nitazikwa nao. Wifi yangu mkubwa amenipigia simu kuuliza kama ni kweli nataka kuivunja kazi ya baba yao ili nionekane mwema kwa watu. Sikujua nimjibu nini.

Juzi nilikutana na mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Akaniuliza, "Mama, uwanja wetu uko salama?" Nikamwambia uko salama, mwalimu. Usiku sikulala.

Nina haki gani ya kuutetea uwanja wakati familia yangu imo ndani yake? Na nikinyamaza, nitawatazamaje watu hawa? Naomba unisaidie kabla ya kikao.

Diwani niliyekabwa kila upande

*

Marahaba, mwanangu. Pole.

Nianze na huo udhuru, kwa sababu ndiyo njia rahisi zaidi uliyonayo na ndiyo inayonitia hofu kuliko picha za simu. Usiende. Cheti cha kukwepa kura nacho ni kura. Uwanja utaondoka, na wewe utakuwa umesaidia kuuondoa bila jina lako kuonekana. Wewe ni muuguzi. Unajua cheti kile kipo kwa ajili ya nani, na unajua utamwomba nani akuandikie: mtu uliyefanya naye kazi, ambaye sasa utamtia kwenye uongo wako. Mwenzako aliyekushauri huenda anakupenda kweli, lakini amekushauri jambo ambalo watakukumbusha kila utakaposimama kuomba kura.

Nije kwenye lile neno lililokuchoma. Aliyekuambia "anza na kwako" hakukutakia mema, alitaka unyamaze. Hata hivyo neno lenyewe ni la haki, na lingekuwa la haki hata kama lingetoka kinywani mwa adui yako. Ila tenganisha mambo mawili ambayo yeye ameyachanganya kwa makusudi. Uwanja ni wa umma hata kama familia yako ingekuwa na fremu 10 juu yake. Haki ya wale watoto kucheza haitegemei usafi wako. Kinachotegemea usafi wako ni kama watu watakusikiliza utakapoitetea haki hiyo. Kwa hiyo unalolitafuta si haki ya kusema. Hiyo ulipewa na wapiga kura. Unatafuta uzito wa kusema.

Jambo hili si geni nchini kwetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kulipinga Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyokuwa yamewekwa, yakiwemo ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Walimwambia Mwalimu Nyerere ana kwa ana kwamba wakubwa serikalini wanalipwa vinono huku vijana wakiambiwa wajitolee. Mwalimu alikasirika kwelikweli. Aliwafukuza karibu 400, wakarudi makwao, na wapo wanaoona hadi leo kwamba adhabu ile ilizidi. Mimi ni mmoja wao. Lakini siku ile ile, mbele yao, alitangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wakubwa wengine serikalini wakapunguziwa pia. Hakukubaliana nao hata chembe kuhusu Jeshi la Kujenga Taifa. Katika lile moja walilosema kweli, alilichukua na kulianzia kwake. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa kwenye makampuni. Unaweza kubishana na siasa ya Azimio. Ila aliyekuwa anawaambia wenzake wakaze mkanda alikuwa ameshaukaza wake.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na kwako, na hii sijui kama wenzako wameitaja au wameinyamazia. Kanuni za kudumu za halmashauri zinamtaka diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa ayatangaze, na kwa kawaida akishayatangaza hatakiwi kujadili wala kupiga kura juu ya jambo hilo. Fremu za mama wa mume wako, zikiwa ndani ya eneo linalobadilishwa matumizi, zinaweza kabisa kuchukuliwa kuwa maslahi. Ukiziacha na usitangaze, umevunja kanuni. Ukitangaza na kubaki nazo, unaweza kuombwa utoke ukumbini wakati kura inapigwa. Vyovyote vile kura ya kuutetea uwanja inapungua moja. Kamuulize mwanasheria wa halmashauri kabla ya kikao, na umuombe jibu la maandishi. Njia ya uhakika ya kuingia ukumbini ukiwa na mdomo wako na mkono wako ni kulimaliza suala la fremu kwanza.

Lakini hujui bado kama ziko ndani. Umeonyeshwa ramani kwenye simu ya mtu anayekupinga. Nenda ofisi ya mipangomiji, uombe mchoro wa eneo hilo, halafu uombe mpima aje aonyeshe mawe ya mipaka yalipo. Nenda kama mwananchi yeyote, ulipie kama kuna ada, na umwambie afisa aandike anachokiona bila kukuogopa. Ikiwa ziko nje, utakuwa na karatasi yenye mhuri, na picha zile hazitakuwa na kazi. Ikiwa ziko ndani, endelea kusoma.

Utasema si wewe uliyezijenga. Ni kweli, na sitaki ujitwike kosa la marehemu. Tazama tu alichofanya Ali Hassan Mwinyi mwaka 1977 akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Si yeye aliyeshika rungu. Alijiuzulu kwa sababu yalitokea chini ya wizara yake. Kiongozi wa umma anajibu na kwa mambo asiyoyatenda. Huo ndio ugumu wa kazi uliyoiomba.

Sasa mama mkwe. Hapa ndipo nilipoisoma barua yako mara nyingi zaidi, na hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini. Kuongoza kwa mfano maana yake ni kwamba gharama ya msimamo wako inaanza kwako. Kumlipisha mjane mgonjwa bei ya msimamo wako huku wewe ukipigiwa makofi hakuwezi kuitwa mfano mwema. Ukizivunja zile fremu na mama akakosa dawa za presha, wifi yako atakuwa amesema kweli kwamba umeivunja kazi ya baba yao ili uonekane mwema.

Basi gharama uibebe wewe. Unapata posho ya mwezi ya udiwani na posho za vikao. Piga hesabu ya kodi ya fremu zote mbili, na kiasi hicho kiingie mkononi mwa mama kila mwezi kutoka kwenye posho yako, bila kungoja akuombe. Itauma. Ada za watoto zitabana, na ile gari uliyokuwa unaiwazia itasubiri. Halafu muangalie namna ya kumrudishia mama kipato chake mwenyewe, maana hakuna mtu mzima anayependa kunyoosha mkono kwa mkwe kila mwisho wa mwezi. Mabati, milango ya chuma, matofali yatakayosalimika, vyote ni mali yake. Kama kiwanja anachokaa kimegusa njia, chumba kimoja cha mbele kinaweza kujengwa kwa vifaa hivyo, na yule binti wa saluni akahamia hapo na wateja wake. Wapangaji wapewe notisi ya kueleweka. Na kama walilipa kodi ya miezi ya mbele, kama ilivyo kawaida ya fremu nyingi, warudishiwe ya miezi ambayo hawataitumia.

Lakini usiende kumwambia wewe. Habari ya kuondoa kazi ya marehemu haipelekwi na mkwe, inapelekwa na mtoto wa kuzaa. Kwa hiyo wa kuzungumza naye kwanza ni mume wako, na usimwendee ukiwa umeshaamua kila kitu ukitaka aitikie tu. Mwonyeshe barua ya mpima. Mwambie umeshapiga hesabu na mama hatakosa hata shilingi. Mweleze pia kinachokuja ikiwa mtanyamaza: pendekezo likipita, eneo lote litapangwa upya, na hizo fremu zisizo na karatasi zitakuwa za kwanza kuwekewa alama ya X, safari hii kwa amri na bila fidia ya mtu yeyote. Baba mdogo au mzee mwingine wa upande wa marehemu awepo siku mtakapokaa na mama, ili mjane asijione amezungukwa na watoto peke yao. Wifi yako naye aitwe. Alikuuliza swali la haki, ajibiwe mbele ya mama yake.

Mama akikubali, vunjeni wenyewe, mchana, kwa mafundi wenu. Usialike waandishi wa habari na usirushe picha. Watu wataona. Baadaye, kwenye mkutano wa mtaa, sema kwa sentensi mbili tatu: fremu zilikuwa za familia yetu, mpima ametuonyesha ziko ndani ya uwanja, tumeziondoa. Kisha nenda kwenye ajenda inayofuata. Na kabla ya mkutano huo mtafute yule mwalimu mstaafu umweleze kweli, kwamba uwanja hauko salama. Ulimjibu alichotaka kukisikia, na anastahili kukisikia kilichopo kutoka kwako.

Na ikiwa mume na mama watakataa katakata? Fremu si zako, huwezi kuzivunja kwa nguvu, wala nisingekushauri ujaribu. Hapo tangaza maslahi hadharani, kwa wananchi na kwa baraza. Sema umeiomba familia nayo haikukubali, na kwamba unataka sheria ichukue mkondo wake kwao kama kwa mwingine yeyote. Huenda utaikosa kura. Hutaikosa sauti, kwa sababu hakutakuwa na picha ya kukutishia nayo.

Tuje kwenye chama. Hofu yako hapa si ya bure. Nchini kwetu hakuna mgombea binafsi, na diwani akivuliwa uanachama udiwani wake unakwenda nao. Kwa hiyo sikwambii ukaropoke. Nataka umtazame mtu mmoja aliyewahi kuutetea uwanja kama wako, tena katika mji mkubwa zaidi, mbele ya watu wenye nguvu zaidi.

Mwaka 1989 jijini Nairobi ilijulikana kwamba ndani ya bustani ya Uhuru Park litajengwa jengo la ghorofa 60. Mradi ulikuwa wa kampuni ya gazeti la chama tawala, KANU, na rais mwenyewe aliuunga mkono. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, hakuanza kwa maandamano. Alianza kwa barua. Aliandika kwa waliohusika na mradi, kwa ofisi ya rais, kwa uongozi wa jiji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa balozi wa Uingereza, akiuliza mambo ya kawaida kabisa: je, ni kweli mnajenga, na kwa nini katika eneo la watu wote? Wengi hawakumjibu. Wabunge walimdhihaki bungeni. Rais Moi alisema hadharani kwamba mwanamke kwa desturi za Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kukaa kimya. Alikwenda Mahakama Kuu, shauri likatupwa. Shirika lake, Green Belt Movement, likatolewa kwenye ofisi za serikali lilizokuwa likitumia, naye akawahamishia wafanyakazi nyumbani kwake South C, kazi ikaendelea sebuleni. Hapo ndipo ninapokutaka usimame kidogo, mwanangu. Bei ya msimamo ilipodaiwa, ilitoka kwenye nyumba yake mwenyewe. Wafadhili wa nje walipoona makelele yamezidi walijitoa, mradi ukapunguzwa, ukasimama, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa. Uhuru Park ipo.

Walimwita majina mengi, lakini hakuna aliyeweza kumwambia aanze na kwake. Tangu 1977 alikuwa akipanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, magoti yakiwa kwenye udongo. Hakuliacha hilo hata kifo kilipokaribia. Alikuwa amesema hataki jeneza la mbao, kwa sababu ya miti. Alipofariki Septemba 2011 alilazwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, na ibada ya kitaifa ya kumuaga ikafanyika pale pale Uhuru Park.

Tofauti yenu ni kwamba yeye wakati ule hakuwa na kiti cha kupoteza, wewe unacho. Ila utaratibu wake unaweza kuuiga: uliza kwanza, kwa maandishi, kwa waliohusika, kabla hujapaza sauti. Swali ulilouliza kwenye kikao cha chama, wananchi walishirikishwa lini, ndiyo silaha nzuri kuliko zote ulizo nazo. Kubadilisha matumizi ya ardhi kuna taratibu zake chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Mwandikie mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, uombe uone tangazo lilitolewa lini, maoni ya wakazi yalipokelewa wapi, na muhtasari wa kikao cha mtaa uko wapi. Kama havipo, hoja yako haihitaji hasira yoyote.

Kisha rudi kwa wenzako wa chama kabla ya baraza. Wasikusikie kwa mara ya kwanza ukumbini wakahisi umewavizia. Hata anayekupinga anastahili kujua mapema. Waambie utapinga, na sababu zako ni hizi. Nenda na pendekezo mbadala, maana shida ya mapato ni ya kweli, na diwani anayesema hapana bila kusema basi nini hapati wa kumuunga mkono. Je, sokoni hakuna eneo la fremu? Stendi je? Ushuru unaovuja kwenye vyanzo vilivyopo umefuatiliwa? Fanya kazi hiyo kwa takwimu za halmashauri yenyewe. Diwani una haki ya kuziona. Soma katiba ya chama chako ujue kosa la nidhamu linaelezwaje, nani ana mamlaka ya kukuadhibu, na rufaa inakwenda wapi. Onyo si kufukuzwa. Wengi huogopa kwa kuwa hawajawahi kuifungua katiba hiyo.

Baada ya hayo yote, bado inawezekana ukakipoteza kiti. Ulipokuwa muuguzi, watu walikujua kabla hujawa mheshimiwa. Kaa na mume wako mzungumze kwa uwazi kabisa mtaishije bila posho, kabla ya kikao, ili hofu hiyo isiwe inakunong'oneza wakati mkono unatakiwa unyooke. Ukijua unaweza kuishi bila udiwani, utautumikia vizuri zaidi.

Siku yenyewe fika mapema. Wakazi wanaotaka kusikiliza waje, kwani mikutano ya baraza huwa wazi kwa wananchi, ila uwaombe wakae kimya na kwa adabu. Wakizomea, mwenyekiti atapata sababu ya kuwatoa, na hoja yako itatoka nao. Ukipewa nafasi usianze na yule mwenzako wala picha zake. Anza na fremu zenu, mlichofanya, kisha shule isiyo na kiwanja, kisha misiba ya bondeni, kisha tangazo ambalo halikutolewa, kisha pendekezo lako mbadala. Usizidi dakika ulizopewa. Omba kura ihesabiwe kwa majina na jina lako liandikwe. Kama pendekezo litapita, safari haijaisha, maana wakazi wanaweza kupeleka pingamizi lao ngazi za juu na hata mahakamani, na watakachokihitaji kuliko kitu kingine ni kumbukumbu za kikao hicho. Kwa hiyo muhtasari ukiletwa kuthibitishwa kwenye kikao kinachofuata, usome ukurasa kwa ukurasa, na kama ulichosema hakimo, simama uombe kirekebishwe hapo hapo.

Shangazi